Bendi za mishahara ya manesi NHS: ipi inalipa kweli ukihesabu usiku na Jumapili

Ukitazama jedwali la mishahara ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, bendi (madaraja ya mshahara) zinaonekana kama ngazi iliyonyooka: kila ukipanda, pesa inaongezeka. Kwa mshahara wa msingi, ndivyo ilivyo. Lakini ukikaa na hati za malipo za watu wa wodi moja, utakuta mahali ambapo aliye chini anaondoka na pesa nyingi kuliko aliye juu yake, na hakuna aliyekosea hesabu. Mhudumu wa Bendi 2 akiingia kazini Jumapili, kwa saa analipwa zaidi ya muuguzi msaidizi wa Bendi 4 anayeanza, aliyesoma miaka miwili na kusajiliwa na NMC, baraza linalosajili manesi Uingereza. Nesi wa Bendi 5 mwenye zamu nyingi za usiku anampita nesi mtaalamu wa Bendi 6 anayeanza kazi kwenye kliniki, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa hiyo tathmini hii inapima bendi kwa kile kinachoingia benki, kuanzia Bendi 2 hadi 8a. Viwango ni vya England kwa mwaka wa fedha 2025/26, baada ya nyongeza ya asilimia 3.6. Uskoti wana jedwali lao na linalipa zaidi: mwaka huo Bendi 5 huko ilianzia pauni 33,247, wakati England ilianzia pauni 31,049. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya Glasgow na Birmingham aikumbuke tofauti hiyo kabla hajaanza kuulizia kodi za nyumba.

Mfumo wenyewe unaitwa Agenda for Change na umetumika tangu 2004. Wiki ya kazi ni saa 37.5. Kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa mwaka kwa 1,955. Kwenye wodi nyingi zamu ni ndefu, mathalani saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, ambapo saa moja ni ya mapumziko yasiyolipwa, hivyo zamu moja inalipwa saa 11.5. Mtu wa muda wote hufanya zamu 13 kila wiki nne. Ukiwa na namba hizi tatu, yaani 1,955, 11.5 na 13, unaweza kukagua karibu kila hesabu iliyomo humu.

Nyongeza ya usiku na wikendi ndiyo inayopinda ngazi

Kuanzia Bendi 4 kwenda juu, saa za usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na Jumamosi nzima, zinaongezewa asilimia 30 ya malipo ya msingi. Jumapili na sikukuu zinaongezewa asilimia 60. Bendi 3 inapata asilimia 35 na 69. Bendi 2 inapata asilimia 41 na 83. Kwa maneno mengine, asilimia inapungua kadiri unavyopanda. Nia ilikuwa kuwalinda wa kipato cha chini, na inawalinda kweli, ila inazaa matokeo ya ajabu katikati ya ngazi.

Kuna kanuni moja ambayo wengi hawaijui: zamu ya usiku ikiwa na zaidi ya nusu ya saa zake kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nyongeza inalipwa kwa zamu yote, si kwa saa hizo tu. Anayemaliza saa mbili asubuhi halafu akakatwa nyongeza ya saa mbili za mwisho ana haki ya kudai.

Sasa tupige hesabu. Bendi 2 ina kiwango kimoja tu, pauni 24,465 kwa mwaka, sawa na pauni 12.51 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21. Tofauti ni senti thelathini za pauni. Mhudumu anayemwogesha mgonjwa, kumgeuza na kumlisha alizidi kima hicho cha chini cha sheria kwa senti thelathini kwa saa. Hapo hakuna cha kusifia. Lakini Jumapili saa hiyo hiyo inakuwa pauni 22.89. Bendi 3 inayoanza, pauni 24,937 kwa mwaka au 12.75 kwa saa, Jumapili inafika 21.55. Bendi 4 inayoanza, pauni 27,485 au 14.06 kwa saa, Jumapili inafika 22.50. Aliye Bendi 2 amewapita wote wawili.

Tuchukue rota, yaani ratiba ya zamu, nzito lakini ya kawaida kwa anayeomba usiku: katika zamu 13 za wiki nne, tano ni za usiku wa siku za kazi, mbili Jumamosi, mbili Jumapili, nne ni mchana wa kawaida. Kwa mwaka mzima, Bendi 2 inafika takriban pauni 32,900. Bendi 3 inayoanza, kwa rota hiyo hiyo, takriban 32,200. Mtu amepandishwa bendi na kupoteza kama pauni 700. Baada ya miaka miwili Bendi 3 inapanda hadi pauni 26,598 za msingi na hapo, kwa rota ile ile, inafika karibu 34,400, kwa hiyo hasara inarudi na faida juu. Lakini miaka miwili si muda mfupi kwa mtu anayetuma ada za shule kila muhula.

Hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya mgogoro wa Bendi 2 na 3 ambao chama cha wafanyakazi cha UNISON kimeusukuma kwenye hospitali nyingi. Maelezo ya kazi ya kitaifa yanasema Bendi 2 ni kazi za usafi na mahitaji binafsi ya mgonjwa. Ukianza kupima presha, sukari, kutoa damu au kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), hiyo ni kazi ya Bendi 3. Wengi wanafanya kazi za 3 na kulipwa 2. Ushauri wetu ni kudai, na kudai malipo ya nyuma pia, kwa maandishi, ukiambatanisha orodha ya kazi za kitabibu unazofanya na vyeti vya mafunzo uliyopewa na hospitali kuzifanya. Ila kabla hujatia saini makubaliano, hesabu rota yako kwanza. Asiyefanya usiku wala Jumapili ananufaika tangu siku ya kwanza. Mwenye rota nzito aulize swali moja: je, miaka aliyofanya kazi za Bendi 3 itahesabiwa ili aingie moja kwa moja kwenye kiwango cha juu cha bendi hiyo? Jibu likiwa ndiyo, ile hasara ya pauni 700 haipo.

Bendi 4 tunaipa alama ndogo kuliko sifa zake. Kwa rota ile nzito inafika kama pauni 34,400, sawasawa na Bendi 3 ya juu. Umesoma miaka miwili, umesajiliwa, unalipa ada ya NMC kila mwaka, na unabeba wajibu wa kitaaluma ambao mhudumu hana: ukikosea, usajili wako ndio unaoitwa mezani. Kiwango cha juu cha Bendi 4, pauni 30,162, kinakuja baada ya miaka mitatu. Thamani yake ya kweli ni kuwa daraja la kwenda Bendi 5, kwa sababu mafunzo ya Bendi 4 hupunguza muda wa kusomea unesi kamili. Anayepanga kubaki hapo hapo atakuwa amelipia vitu vingi kwa faida ndogo.

Bendi 5, moyo wa jedwali

Hapa ndipo manesi wengi wapo na hapa ndipo ubora na udhaifu wa mfumo unaonekana wazi. Bendi ina vituo vitatu vya mshahara: pauni 31,049 kuanzia, 33,487 baada ya miaka miwili, na 37,796 baada ya miaka minne. Ruko la kwanza ni pauni 2,438, la pili ni 4,309. Ni wazi waliopanga jedwali walitaka watu wasiondoke mwaka wa tatu.

Kupanda kituo si jambo la kujiendea lenyewe. Lazima tathmini ya mwaka iwe imefanyika, mafunzo ya lazima yawe yamekamilika, na kusiwe na adhabu ya kinidhamu inayoendelea. Kinachokwamisha watu mara nyingi si utendaji bali moduli za mtandaoni zilizopitwa na muda: usalama wa moto, kunyanyua wagonjwa, ulinzi wa taarifa. Angalia tarehe yako ya kupanda kituo miezi mitatu kabla, na ukumbushe msimamizi wa wodi kwa barua pepe. Simu haibaki kwenye kumbukumbu.

Sasa makato. Bendi 5 inayoanza bila usiku wala wikendi: pauni 31,049 kabla ya makato. Pensheni asilimia 8.3 inachukua 2,577. Kodi ya mapato ya asilimia 20 juu ya kinachozidi pauni 12,570, baada ya pensheni kutolewa, ni 3,180. Bima ya taifa ya asilimia 8 ni 1,478. Kinachobaki ni pauni 23,814 kwa mwaka, sawa na 1,984 kwa mwezi. Bendi 2 kwa hesabu hiyo hiyo inabaki na pauni 1,655 kwa mwezi. Pengo la pauni 329 kwa mwezi kati ya mhudumu asiyehitaji digrii na nesi mwenye digrii si la kujivunia, na ndiyo sababu manesi wapya wengi huomba usiku mapema.

Wakiupata, picha inabadilika. Kwa rota nzito tuliyoieleza, Bendi 5 inayoanza inafika kama pauni 38,900 kabla ya makato na karibu 2,370 mkononi kila mwezi. Bendi 5 ya kituo cha juu, kwa rota hiyo, inafika kama pauni 47,300 kabla ya makato na 2,824 mkononi. Kumbuka hiyo 2,824, tutaihitaji tukifika Bendi 7.

Jambo zuri ambalo wengi hawalitumii ni malipo ya likizo. Ukiwa likizo, unalipwa wastani wa nyongeza zako za usiku na wikendi, si mshahara mtupu. Mwezi wa likizo ukiona malipo yameanguka hadi kiwango cha msingi, kuna kosa. Likizo ni siku 27 na sikukuu 8, zinapanda hadi 29 baada ya miaka mitano na 33 baada ya kumi. Ugonjwa pia umelindwa: mwaka wa kwanza mwezi mmoja kamili na miwili nusu, hadi miezi sita kamili na sita nusu baada ya miaka mitano. Nyumba binafsi za kutunzia wazee hutangaza malipo ya saa yanayopita Bendi 5 ya mwanzo, na tangazo linavutia. Ila nyingi zinatoa malipo ya ugonjwa ya kiwango cha chini cha sheria na pensheni ambapo mwajiri anachangia asilimia 3. Mwajiri wa NHS anachangia zaidi ya asilimia 23. Ukiiweka hiyo kwenye mizani, pauni mbili tatu za ziada kwa saa zinakonda haraka.

Kuhusu saa za ziada: kuanzia Bendi 1 hadi 7, kwa kanuni za mkataba ni mara moja na nusu, na mara mbili kwenye sikukuu. Kwa vitendo hospitali nyingi zinakuelekeza kwenye zamu za benki, ile orodha ya akiba ya wafanyakazi wa hospitali yenyewe, ambako kiwango huwekwa na hospitali na mara nyingi ni malipo ya kawaida pamoja na nyongeza ya usiku au wikendi. Linganisha kabla hujakubali. Ukiombwa ubaki baada ya zamu yako kwa sababu mwenzako hajafika, hizo ni saa za ziada. Usikubali ziandikwe kama benki.

Bendi 6, na pauni 47

Bendi 6 inaanzia pauni 38,682, inapanda hadi 40,823 baada ya miaka miwili, na 46,580 baada ya mitano. Juu ya karatasi ni hatua kubwa. Lakini nesi aliyefika kileleni cha Bendi 5 ana pauni 37,796 tayari. Akipandishwa, mshahara wa msingi unaongezeka pauni 886 kwa mwaka. Baada ya pensheni ya asilimia 9.8, kodi na bima, mkononi anapata 2,361 badala ya 2,314 kwa mwezi. Tofauti ni pauni 47.

Kwa pauni 47 hizo anapewa funguo za wodi, anasimamia zamu, anapanga vitanda, anajibu malalamiko ya ndugu wa mgonjwa na kuwaongoza manesi wapya. Kama bado anafanya usiku na wikendi, hasara hakuna. Rota nzito kwa Bendi 6 inayoanza inafika kama pauni 48,400, na hiyo inazidi Bendi 5 ya juu kwa pauni elfu moja na kidogo. Tatizo linakuja pale kazi ya Bendi 6 inapokuwa ya kliniki: nesi wa kisukari, wa majeraha, wa utafiti, Jumatatu hadi Ijumaa. Zamu 14 tu za usiku kwa mwaka mzima kwenye Bendi 5 ya juu zinatosha kufuta tofauti yote ya mshahara wa msingi. Anayetoka kwenye rota nzito anapoteza zaidi ya pauni 8,600 kwa mwaka kabla ya makato. Tumeona matangazo ya kazi hizi yakiita mabadiliko haya maendeleo ya taaluma. Ni maendeleo, sawa, ila mtu aambiwe bei yake.

Kwa upande mwingine, kuna wanaouza usiku kwa makusudi: wenye watoto wadogo, wenye mgongo uliochoka, wanaosoma shahada ya pili. Kwao kliniki ya Bendi 6 ni biashara nzuri, mradi wakae miaka mitano hadi kituo cha pauni 46,580. Ruko la mwisho, kutoka 40,823 hadi 46,580, ni pauni 5,757, kubwa kuliko yote katika bendi hizi za wauguzi. Kuondoka mwaka wa nne ni kuacha chakula jikoni kikiwa kimeshaiva.

Angalia pia wakati wa kupanda. Ukipandishwa, unaingia mwanzo wa bendi mpya, na saa ya kuhesabu miaka inaanza upya. Nesi wa Bendi 5 mwenye miaka mitatu na nusu anayekubali Bendi 6 anatoka 33,487 kwenda 38,682, pauni 5,195 za msingi kwa mkupuo. Huyo anafaidika sana. Yule wa miaka minne na kuendelea anafaidika 886 tu. Kwa hesabu tupu, mahali pazuri pa kurukia ni kati ya mwaka wa pili na wa nne, kwa kazi ambayo bado ina usiku na wikendi.

Bendi 7 na 8a

Bendi 7 ni ya wasimamizi wa wodi na wauguzi wa ngazi ya juu wanaopima na kuandika dawa wenyewe. Inaanzia pauni 47,810, kituo cha kati ni 50,273, cha juu 54,710. Msimamizi wa wodi anayefanya kazi mchana wa siku za kazi anaanza na takriban pauni 2,850 mkononi kwa mwezi. Ile 2,824 ya Bendi 5 ya juu yenye rota nzito imekaa hapo pembeni yake. Wanatofautiana kwa pauni 26. Bendi 7 ina haki ya saa za ziada kwa kanuni, ila bajeti ya wodi iko mikononi mwake mwenyewe, na ni nadra mtu kujiidhinishia. Wauguzi wa ngazi ya juu kwenye idara za dharura wako kwenye hali bora, kwa sababu idara haifungwi na rota yao ina usiku.

Bendi 8a inaanzia pauni 55,690 na kuishia 62,682. Mkononi mwanzo ni kama 3,265 kwa mwezi. Kuanzia hapa hakuna malipo ya saa za ziada kabisa. Ukikaa hadi usiku unarudishiwa muda, ukiupata. Lakini ni bendi ya kwanza ambayo kwa mshahara mtupu inampita Bendi 5 wa usiku bila ubishi.

London, na pensheni

Nyongeza ya London ya ndani ni asilimia 20 ya msingi, isiyopungua pauni 5,609 wala kuzidi 8,466. Bendi 5 inayoanza inapata 6,210. Bendi 2 inapata ile 5,609 ya chini kabisa kwa sababu asilimia 20 yake haiifikii. Mtego uko hapa: nyongeza ya London haihesabiwi kwenye nyongeza ya usiku na wikendi wala kwenye saa za ziada. Jumapili ya London na Jumapili ya Leeds zinaongeza pauni zile zile juu ya zamu. Kwa hiyo mwenye rota nzito anafaidika na London kidogo, kwa uwiano, kuliko mwenye kazi ya mchana. Ukilinganisha na kodi ya chumba, kwa anayefanya usiku mwingi tunaona miji ya kaskazini inamlipa vizuri zaidi.

Pensheni inakata sana na ndiyo wengi wanaoitupia jicho la kwanza wakitaka kupunguza makato. Asilimia ya mchango inategemea pato lote linaloingia kwenye pensheni, ambalo linajumuisha nyongeza za usiku, na asilimia hiyo inakata mshahara wote, si sehemu iliyozidi. Ndiyo maana mtu anavuka kiwango kidogo na mkononi anapata pungufu kwa mwezi huo. Hata hivyo kila mwaka unaofanya kazi unakuwekea sehemu moja ya 54 ya pato lako kama pensheni ya kila mwaka uzeeni: Bendi 5 mwenye pauni 38,900 anajiwekea kama 720. Hakuna benki itakayokupa hilo. Anayekusudia kurudi nyumbani mapema ajue kwamba akitoka kabla ya kutimiza miaka miwili kwenye mfuko anaweza kurudishiwa michango yake, ikikatwa kodi. Akivuka miaka miwili, pesa inabaki hadi umri wa kustaafu.

Kwa anayetokea Afrika Mashariki

Kenya ina makubaliano na Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya, hivyo manesi wake wanaajiriwa kupitia njia hiyo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha nyekundu: mwajiri haruhusiwi kwenda kutafuta watu huko, ila nesi mwenyewe anaweza kuomba kazi moja kwa moja. Wakala anayekuita Dar es Salaam kwenye mkutano wa kuajiri manesi wa NHS anavunja kanuni hiyo, na ada yoyote anayokudai kwa kukutafutia kazi ni dalili ya kutosha ya kuondoka ukumbini.

Gharama za NMC ni pauni 140 za kukaguliwa maombi, 83 za mtihani wa kompyuta, 794 za mtihani wa vitendo, na 153 za usajili: jumla 1,170. Waajiri wengi hulipa mtihani wa vitendo. Mkataba ukisema utarudisha gharama ukiondoka mapema, hakikisha deni linapungua kila mwezi na kiasi kimeandikwa kwa namba.

Ukisubiri namba ya usajili, hospitali inakulipa Bendi 3 au 4, kulingana na hospitali. Tofauti ya mwanzo wa bendi hizo ni pauni 2,548 kwa mwaka, zaidi ya 200 kwa mwezi. Kuna jambo la viza pia: kima cha chini cha mshahara kwa viza ya Health and Care kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 25,000, na kwa viwango vya 2025/26 Bendi 2 pamoja na mwanzo wa Bendi 3 zilikuwa chini yake. Njia ya kuja kama mhudumu wa nyumba za wazee kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuahidi hiyo leo anakuuzia hewa.

Jambo kubwa kuliko yote ni uzoefu. Nesi mwenye miaka minane Muhimbili au Kenyatta akiwekwa kituo cha mwanzo cha Bendi 5 anapoteza pauni 6,747 kwa mwaka ukilinganisha na kituo cha juu. Mwajiri ana hiari ya kutambua uzoefu wa nje, na hospitali zinatofautiana sana. Omba hilo baada ya kupewa barua ya ajira na kabla ya kuisaini, ukiambatanisha barua za waajiri wa zamani zenye tarehe na idara. Baada ya kusaini, mlango unakuwa mzito.

Mwezi wa kwanza tazama mambo mawili kwenye hati ya malipo. Nyongeza za usiku na wikendi hulipwa mwezi mmoja nyuma, kwa hiyo malipo ya kwanza yatakuwa ya msingi tu. Hilo si kosa. Namba ya kodi inapaswa kuwa 1257L. Ukikuta BR au 0T, unakatwa kodi tangu pauni ya kwanza kwa sababu fomu ya kuanzia kazi haikujazwa au haikufika. Ipeleke ofisi ya mishahara siku hiyo hiyo, na kilichokatwa zaidi kitarudi kwenye malipo yanayofuata baada ya namba kurekebishwa.